Likasi: Mji unahitaji mamlaka ya parkingi, si sanduku jipya la kodi

Likasi ni mji wa njiani. Barabara ya taifa namba 1 inatoka Lubumbashi, umbali wa kilomita zipatazo 120, inaupita mji na kuendelea hadi Kolwezi. Malori yaliyobeba shaba na kobalti kutoka migodi ya Lualaba kwenda mpaka wa Kasumbalesa yanapita hapo mchana na usiku. Yanayorudi yanaleta mafuta, chokaa, salfa na tindikali ya viwandani. Dereva aliyechoka lazima asimame. Na kwa kuwa hakuna mahali palipotengwa kwa ajili yake, anasimama anapoweza: kando ya barabara, mbele ya duka, karibu na soko, mlangoni pa nyumba ya mtu.

Kwa magari madogo hali haiko tofauti. Huko Kongo neno parkingi lina maana mbili. Ni mahali pa kuacha gari, na pia ni kituo ambapo taksi-basi zinapakia abiria. Katika Likasi maana zote mbili zina shida moja. Taksi-basi inapakia pale penye watu wengi, pikipiki zinajipanga mbele yake, mama muuzaji anatandika bidhaa zake ukingoni mwa lami kwa sababu wateja wako hapo, na mtembea kwa miguu anabaki na njia moja tu, katikati ya barabara, pamoja na malori.

Ndiyo maana wazo la kuunda mamlaka ya umma ya kusimamia parkingi za mji ni wazo zuri. Lakini katika nchi hii mawazo mazuri ya aina hiyo yana desturi ya kuanza kama huduma na kuishia kama kizuizi kingine cha kukusanya pesa. Swali la kuuliza kabla ya kuiunda ni hili: je, itauza nafasi ya kusimama, au itauza karatasi? Kama ni nafasi, Likasi inaihitaji leo. Kama ni karatasi, afadhali isizaliwe.

Kwanza kuna suala la haki. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwezi Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini katika mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo mgodi unafanya kazi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo shaba inayochimbwa Kolwezi au Fungurume inaacha fungu lake la asilimia 15 huko huko inakochimbwa. Inapofika Likasi juu ya lori, haiachi kitu kwenye hazina ya mji isipokuwa vumbi, moshi, kelele na lami iliyochimbika. Likasi ina viwanda vyake, kama vile vya Shituru, lakini mzigo wa njia unaoubeba ni mkubwa kuliko huo. Mji unaotoa mahali salama pa kulaza lori una haki ya kulipwa kwa huduma hiyo.

Pili kuna suala la maisha ya watu. Mwezi Februari 2019, lori lililobeba tindikali liligongana na magari mengine katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara hiyo ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, na karibu watu 20 wakafa, baadhi yao kwa kuunguzwa na tindikali. Kabwe ni kijiji. Katika Likasi, lori la aina hiyo linalolala kando ya barabara linalala kati ya nyumba, na watoto wanaamka asubuhi na kupita chini ya trela lake wakienda shule. Kulitoa lori hilo katikati ya makao ya watu ni kazi ya kwanza ya mamlaka yoyote ya parkingi. Kazi nyingine zote zinafuata nyuma yake.

Tatu kuna suala la nani anasimamia. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 3, inaipa miji uhuru wa kujiongoza na kusimamia mali yake yenyewe. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza namna mji na komini zinavyofanya kazi, na inautambua mji kama mtu kisheria, mwenye mali na bajeti yake. Likasi pamoja na komini zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, haihitaji ruhusa ya Kinshasa ili kujua lori lilale wapi. Mtu anayejua ni kona ipi inaziba saa kumi na moja jioni ni mkaaji wa Kikula, si ofisa aliye umbali wa kilomita 120. Kwa hiyo mamlaka hii iwe ya mji, na jimbo libaki na kazi ya kukagua.

Hapa ndipo wenye mashaka wanapouliza swali lao, na ni swali la haki. Je, wakaaji wa Likasi hawajachoshwa na mashirika ya umma? Mji huu umekulia ndani ya Gécamines. Uliona shule, hospitali na mishahara ya kampuni hiyo, kisha ukaona yote yanaporomoka. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kazi katika Katanga nzima. Familia nyingi za Likasi zingali zinaishi na matokeo ya mpango huo. Watoto na wajukuu wa wafanyakazi hao ndio leo wanaoendesha pikipiki na taksi-basi, na ndio wanaolinda magari ya watu mbele ya maduka ili wapate mia chache. Shirika la reli, SNCC, nalo liliwaacha wafanyakazi wake miaka na miaka na malimbikizo ya mishahara. Kuwaambia watu hao kwamba chombo kingine cha umma kinakuja kuwaokoa si jambo jepesi.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kuunda chombo cha umma ni rahisi: amri, uteuzi, mhuri, gari la mkurugenzi. Kukifuta kikiharibika ni vigumu, kwa sababu tayari kina waajiriwa na madeni. Kwa hiyo jibu kwa wenye mashaka si kuwaambia waamini tu. Jibu ni kuweka masharti kabla, yaandikwe ndani ya uamuzi wenyewe unaoiunda mamlaka hiyo, na si kuahidiwa katika hotuba ya siku ya uzinduzi.

Sharti la kwanza: mahali kwanza, malipo baadaye. Mamlaka isilipishe mtu hata faranga moja mahali ambapo haijatengeneza kitu. Ikiwa ni parkingi ya malori, wananchi waione imefunguliwa nje ya makao, moja upande wa Lubumbashi na nyingine upande wa Kolwezi, yenye taa, choo, maji, ukuta na mlinzi, na sehemu iliyotengwa peke yake kwa malori ya tindikali na mafuta. Ikiwa ni kituo cha taksi-basi, kiwe na sakafu isiyogeuka tope wakati wa mvua, paa la kuwakinga abiria na mistari inayoonyesha gari lisimame wapi. Ikiwa ni barabara ya katikati ya mji, mistari ipakwe rangi kabla mtu hajaja na kitabu cha risiti.

Sharti hili linaweka pia mpaka ulio wazi: anayesimama alipe, anayepita asilipe. Malori yanayopita tayari yanalipa péage kwenye barabara ya taifa namba 1, na kila anayenunua mafuta anachangia mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kumlipisha dereva tena kwa sababu tu magurudumu yake yamegusa ardhi ya Likasi ni kodi iliyovaa nguo ya huduma. Na Katiba, katika kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Sheria-amri ya tarehe 13 Machi 2018 imeorodhesha kodi na ushuru ambao majimbo na miji inaruhusiwa kutoza. Chochote kilicho nje ya orodha hiyo hakina msingi, hata kama kina mhuri.

Sharti la pili: risiti moja, siku moja, mji wote. Malalamiko makubwa ya madereva wa Kongo si kwamba wanalipa. Ni kwamba wanalipa mara nyingi kwa mikono mingi, leo huyu kesho yule, huyu wa komini, yule wa jimbo, mwingine wa chama, na hakuna anayejua pesa inaenda wapi. Mamlaka mpya ikija kama mkono wa sita, itaongeza nauli na hasira. Ikija kama mkono mmoja unaochukua nafasi ya mingine yote, dereva wa taksi-basi anaweza hata kulipa kidogo kuliko anavyolipa sasa. Uamuzi wa kuiunda uorodheshe malipo yanayofutwa siku hiyo hiyo inapoanza. Bila orodha hiyo, ahadi ya kurahisisha ni maneno.

Malipo yenyewe yapitie simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinatumika na watu wa kila hali nchini Kongo, tangu muuza mkaa hadi mwenye duka. Bei ibandikwe kwenye kila parkingi, kwa faranga za Kongo, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mtoza asiyeshika pesa mkononi hana cha kuficha mfukoni. Lakini teknolojia peke yake haitoshi, na majirani wameliona hilo. Nchini Tanzania, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioundwa mwaka 2017, ulichukua kazi ya kukusanya ada za maegesho na kuingiza malipo ya kielektroniki. Pesa ikawa rahisi kufuatilia, lakini madereva wengi wakalalamika kwamba walikuta deni na faini bila kujua kwamba gari lao liliandikwa. Funzo kwa Likasi ni kwamba dereva aambiwe papo hapo, kwa ujumbe wa simu au karatasi juu ya kioo, na awe na mahali pa kukata rufaa bila kutoa kitu.

Sharti la tatu: pesa ionekane. Mwaka 1993, mji wa Pasadena katika California, Marekani, ulitaka kuweka mita za kulipia parkingi katika mtaa wake wa zamani uliokuwa umechakaa. Wafanyabiashara walikataa wakiogopa kufukuza wateja. Wakakubali pale mji ulipoahidi kwamba pesa ya mita itabaki katika mtaa huo huo. Ilibaki, ikatengeneza njia za watembea kwa miguu, taa na usafi, na mtaa ukafufuka. Siri haikuwa mita. Siri ilikuwa kwamba mwenye duka aliweza kutoka nje na kuona kwa macho yake kile ambacho pesa ya parkingi ilinunua.

Likasi inaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Kila miezi mitatu, ubandikwe kwenye ofisi ya kila komini ukurasa mmoja: parkingi fulani imeingiza kiasi gani, mishahara imechukua kiasi gani, kilichobaki kimefanya nini. Mashirika ya kiraia na redio za mji ziusome hadharani. Na sehemu iliyowekwa wazi tangu mwanzo irudi katika mtaa uleule uliolipa: mfereji uzibuliwe, taa iwekwe, choo cha soko kijengwe. Mama muuzaji wa Kikula hatasoma uamuzi wa meya, lakini choo atakiona.

Sharti la nne: anayetoza asiwe anayekamata, na asiishi kwa asilimia ya faini. Kanuni ya barabarani ya Kongo, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ipo, na polisi wa barabarani ndio wenye kazi ya kuisimamia. Wafanyakazi wa mamlaka wavae sare, wawe na jina kifuani, wapokee mshahara wa kila mwezi. Mtu anayelipwa kwa kila gari alilolifunga mnyororo hatatafuta utaratibu. Atatafuta makosa, na asipoyapata atayatengeneza.

Sharti la tano ni la vijana. Leo wapo watu wanaoishi kwa parkingi zisizo rasmi: wanaoita abiria, wanaoosha magari, wanaoelekeza dereva arudi nyuma, wanaolinda usiku. Kuwafukuza kwa fimbo siku ya kwanza ni kuahirisha vita hadi siku ya pili. Kigali ilichagua njia nyingine: ushirika wa maveterani, watu waliokuwa wameacha jeshi, ulipewa kazi ya kutoza ada za parkingi mjini. Likasi haina sababu ya kutoanza na vijana walewale walioko kwenye vituo, kuwaandikisha, kuwafundisha na kuwalipa. Chama cha madereva, ACCO, kiketi mezani tangu siku ya kwanza, pamoja na wenye pikipiki na wauzaji wa soko. Kituo kilichopangwa bila dereva kitabaki kitupu, na dereva atarudi kwenye kona yake ya zamani.

Wapo wanaosema kazi hii ipewe kampuni binafsi, kwa kuwa mji hauna uwezo. Nairobi ilipita njia ya karibu na hiyo: mwaka 2014 kaunti iliikabidhi kampuni binafsi mfumo wa kukusanya mapato yake, yakiwemo ya maegesho, na mkataba ulipokwisha mwaka 2019 ikabidi itafute mfumo mwingine. Kampuni inaweza kuleta mashine na programu, hilo si kosa, mradi zabuni ifuate sheria ya manunuzi ya umma ya mwaka 2010 na iwe wazi. Lakini orodha ya magari, hesabu na uamuzi wa bei vibaki mikononi mwa mji. Anayeshika hesabu ndiye anayetawala, na mji usiojua ni magari mangapi yamesimama ndani yake jana hauwezi kumsimamia mtu yeyote.

Inabaki hofu ya mwananchi wa kawaida: je, nauli haitapanda? Itapanda kama masharti haya yatapuuzwa. Lakini kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa Oklahoma City, Marekani, walilielewa mapema, pale mita ya kwanza ya parkingi duniani ilipowekwa mjini mwao mwezi Julai 1935, kwa senti tano kwa saa. Wao hawakuipinga, waliitaka, kwa sababu magari ya wafanyakazi yalikuwa yakikaa mbele ya maduka kutwa nzima na mteja hakupata pa kusimama. Nafasi ya bure katikati ya mji si ya bure. Mteja anailipa kwa kuzunguka, abiria kwa kungoja, mama muuzaji kwa biashara iliyozibwa na trela, na mtoto wa shule, siku mbaya, anailipa kwa mguu wake.

Tena kuna hazina ya mji. Sheria inasema miji na komini zipate asilimia 40 ya fungu linalotoka serikali kuu kwenda kwa majimbo. Viongozi wa mahali, karibu kila mahali nchini, wanalia kwamba fungu hilo linachelewa au linafika pungufu. Mji unaongoja Kinshasa ili uzibue mfereji utangoja mvua mbili, tatu. Mapato ya parkingi hayatajenga mji mzima, lakini yanaweza kuwa pesa ya kwanza ambayo Likasi inaikusanya, inaihesabu na kuitumia hapo hapo, mbele ya macho ya walioitoa.

Mameya wa Kongo, kwa miaka mingi, wamekuwa wakiteuliwa kwa amri ya rais wa jamhuri, ingawa sheria ya 2008 inataka miji iwe na mabaraza. Kiongozi asiyechaguliwa ana njia moja tu ya kupata imani ya raia: kazi inayoonekana na hesabu inayosomeka. Mamlaka ya parkingi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ni ndogo na haina pa kujificha. Kila mtu anapita mbele yake kila siku.

Kipimo chake hakitakuwa faranga ngapi imekusanya mwaka wa kwanza. Mkusanyaji yeyote mwenye fimbo anaweza kujaza sanduku. Kipimo ni kwamba baada ya mwaka mmoja hakuna lori la tindikali linalolala kati ya nyumba za watu, dereva wa taksi-basi ana risiti moja tu mfukoni, na mkaaji wa Panda au Shituru anayeuliza pesa imekwenda wapi anaonyeshwa ukurasa ukutani, kisha anaonyeshwa taa inayowaka.